Kiangazi cha kikundi cha maigizo: kiingilio, kukodiwa, mchango au kambi ya watoto?

Masika yakikatika mwishoni mwa Mei, kikundi cha maigizo cha mtaani kwa Dar es Salaam na mikoa ya Pwani kinapata karibu miezi minne ya uwanja mkavu kabla vuli haijarudi Oktoba. Ndiyo miezi ya kutafuta pesa. Shule zinafungwa Juni, Saba Saba inaita watu Barabara ya Kilwa, harusi zinapangwa kila Jumamosi, na ndugu walioko Ulaya, Marekani na Ghuba wanashuka likizo wakiwa na hamu ya kutoka jioni. Kila kikundi kina mtu mwenye wazo: tufanye onyesho, tuandike barua kwa kampuni, tuchapishe kadi, tuuze fulana. Mawazo yote yana pesa ndani yake. Yanatofautiana katika jambo moja ambalo vikao vingi hulisahau: nani anabeba hasara kabla ya shilingi ya kwanza kuingia?

Kwa jicho hilo nimezipanga njia tano ambazo kikundi cha watu kumi hadi ishirini kinaweza kuzifanya bila ofisi wala gari. Namba za bei ni za mfano tu, weka za mtaani kwako. Jedwali ni la kutazama haraka, maelezo yako chini yake.

| Njia | Pesa ya kutanguliza | Pesa inaingia lini | Panapoumiza |
|---|---|---|---|
| Onyesho la kiingilio | Nyingi | Usiku uleule | Viti vitupu, mlango unaovuja |
| Kazi ya kukodiwa | Nauli na mavazi | Wiki hadi miezi baadaye | Malipo kuchelewa |
| Kadi na kundi la WhatsApp | Kidogo sana | Kidogo kidogo | Ahadi zisizolipwa |
| Kambi ya watoto ya Juni | Kidogo, wazazi hutangulia | Kabla ya kuanza | Usalama wa watoto |
| Tamthiliya shuleni | Mazoezi na nauli | Siku ya onyesho | Vibali vya shule |

Onyesho la kiingilio

Hili ndilo linalopendwa, kwa sababu ndilo linalofanana na sanaa yenyewe. Ndilo pia linalofilisi watu. Fanya hesabu mezani kabla hujaweka bango. Spika na fundi mitambo 250,000. Viti 150 vya kukodi kwa 500 kimoja ni 75,000. Kibali na matangazo 60,000. Mavazi, chakula cha wasanii, mlinzi na taa, 115,000. Jumla 500,000. Kiingilio kikiwa 5,000, watu mia wa kwanza wamekulipia gharama tu. Viti vyote 150 vikijaa, toa ishirini vya wageni waalikwa na "wa kwetu", umebaki na 150,000. Hapo ndipo mmeshinda kila kitu, na mvua ya ghafla haikuja.

Kwa hiyo kiingilio peke yake si biashara. Kinachofanya jioni ilipe ni mambo yanayozunguka tiketi, na hapa vikundi vya zamani vilikuwa na akili kuliko sisi. Kikundi cha Muungano cha Norbert Chenga na kile cha TOT (Tanzania One Theatre) kilichoanzishwa 1992 chini ya John Komba hawakuwa wakiuza igizo tupu. Jioni moja ilikuwa na ngoma, sarakasi, kwaya, kichekesho, igizo, halafu taarab ya kufungia, kwenye kumbi za baa ambako mwenye baa alitaka watu wakae wanywe. Wapenzi wa upande huu na wa ule walikuja kwa ushabiki kama wa mpira. Anayekuja kwa ajili ya taarab alikaa akaona igizo, na anayekuja kwa igizo hakuondoka kabla ya taarab.

Ukiiga mpangilio huo unapata vitu viwili. Kwanza, mwenye ukumbi. Baa au bustani ambayo Alhamisi yake imelala inaweza kukupa eneo, viti na spika bure ili iuze vinywaji na nyama choma. Zaidi ya nusu ya gharama niliyoitaja juu inahama mabega yako, inakaa kwa mtu ambaye hata hivyo ana viti na spika zake. Kubaliana kwa maandishi: mlango wenu, kaunta yake. Usikubali "tutaangalia baadaye".

Pili, kutunza. Igizo zuri linapigiwa makofi, lakini ngoma na wimbo vinatunzwa. Mama ananyanyuka na leso yake begani, anacheza taratibu hadi mbele, anapepea noti ya elfu kumi ili meza yake ione, anaibandika kwenye paji la uso la mwimbaji, kisha anarudi bila haraka. Dakika hiyohiyo meza ya jirani nayo inanyanyuka, maana haiwezekani wao waonekane hawana. Mpangaji mwerevu anaweka kipande cha namna hii katikati ya maigizo mawili, hasa watu wakishakula. Ila mkae kikao kabla: pesa ya kutunzwa ni ya mwimbaji, ya kikundi, au inagawanywa? Nimeona kikundi kikivunjika kwa noti za usiku mmoja, na igizo lilikuwa zuri. Mimi ningegawa nusu kwa nusu na kumpa mtu mmoja beseni, anayejulikana, asiyeigiza usiku huo.

Mlangoni wawe wawili. Mmoja anapokea pesa, mwingine anachana tiketi na kubaki na kishina chenye namba. Lipa namba iwe ya kikundi, siyo simu ya mwenyekiti, kwa sababu asubuhi yake hakuna atakayejua ipi ilikuwa ya kiingilio na ipi ya mauzo ya kuku. Na usipange tarehe bila kalenda ya mpira. Kwa kawaida mwanzoni mwa Agosti Simba na Yanga wana matamasha yao ya kufungua msimu, Simba Day na Wiki ya Mwananchi, na Dar nzima inavaa jezi. Igizo halishindani na hilo.

Kuhusu kibali: kikundi kisajiliwe BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa lililoundwa kwa Sheria namba 23 ya 1984, na Afisa Utamaduni wa halmashauri ajue kuna onyesho. Zanzibar mlango ni mwingine, BASSFU, baraza la sanaa na filamu la huko. Msione kama urasimu wa bure. Kamiriithu, kule Limuru, wanakijiji walijenga kwa mikono yao jukwaa la wazi la watu elfu mbili hivi mwaka 1977, wakajaza watu wiki kadhaa, kisha Novemba serikali ya Kenya ikafuta kibali na onyesho likafa hapo. Wao walizimwa kwa siasa. Kikundi chako kinaweza kuzimwa saa mbili usiku kwa karatasi iliyosahauliwa, na pesa ya watu ikabidi irudi.

Kukodiwa

Tanzania ina historia ndefu ya igizo la kupeleka ujumbe. Walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walikuwa Malya, mkoa wa Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakitengeneza maigizo pamoja na wanakijiji juu ya matatizo ya pale pale. Kutoka kazi za namna hiyo likakua soko: shirika lina mradi wa malaria, afya ya uzazi au ukatili wa kijinsia, linahitaji kikundi kikusanye watu uwanjani. Kiangazi ndipo uwanja unakalika, na ndipo miradi mingi inatoka kwenda vijijini.

Uzuri wake ni kwamba hasara ya viti vitupu si yako. Watu wasipokuja, mmelipwa. Ubaya ni kwamba pesa ipo kwenye karatasi na nauli ipo mfukoni kwako. Shirika linasubiri ripoti, ripoti inasubiri picha na orodha ya mahudhurio, mhasibu yuko safarini, na nyinyi mna deni kwa mwenye Noah aliyewapeleka. Ndiyo maana naiweka njia hii juu ya onyesho la kiingilio kwa sharti moja: malipo ya awali yasiyopungua nusu, na yaingie kabla ya safari. Shirika linaloshindwa kutoa nusu kwa kazi ya siku tatu halitaharakisha nusu ya pili.

Mambo mengine matatu yanauma kwa mara ya kwanza. Kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa malipo ya huduma hukatwa juu kwa juu, kwa hiyo milioni moja inafika ikiwa 950,000, na mweka hazina aijue kabla wasanii hawajaanza kugawana kichwani. Utatakiwa TIN ya kikundi na akaunti ya benki yenye jina la kikundi, na kufungua akaunti kunachukua muda, basi msisubiri mkataba ufike. La tatu ni la kisanii: mteja ana ujumbe wake, na mara nyingi anataka mhusika mbaya akiri na kutubu katika dakika ishirini. Kikundi kinachoishi kwa kazi hizi mwaka mzima husahau kuandika igizo lake chenyewe. Kwa miezi miwili ya kiangazi inavumilika.

Harusi na send-off nazo ni kazi ya kukodiwa, na zinalipa haraka kuliko shirika. Kichekesho cha dakika kumi kuhusu mawifi, ngoma ya kumwingiza bibi harusi, basi. Kamati ya harusi hulipa siku hiyo kwa sababu pesa iko mezani. Maigizo mazito yaacheni nyumbani.

Kadi na kundi la WhatsApp

Hakuna njia iliyo rahisi kuanza kama hii, na hakuna inayochosha watu haraka kama hii. Kila mtu ana kadi ya "single" na "double" kwenye kabati. Julai na Agosti simu ya mtu wa kawaida mjini ina kundi la harusi ya binamu, kundi la msiba wa jirani, kundi la ujenzi wa msikiti au kanisa, halafu nanyi mnamwongeza kwenye "Tuinue Sanaa Yetu". Orodha inapandishwa kila asubuhi, jina na kiasi, wenye tiki na wasio na tiki. Wiki ya kwanza inachangamka. Wiki ya tatu watu wanatoka kimyakimya saa sita usiku.

Sanaa ina nafasi ya nyuma kwenye foleni hiyo, na sioni aibu kulisema. Msiba unatangulia, harusi inafuata. Kwa hiyo msiombe pesa ambayo hata maana yake haionekani. Ombeni kitu. Fundi seremala atatoa mbao na siku moja ya kazi, mwenye turubai atalitoa Jumapili ambapo halina harusi, fundi cherehani atashona mavazi sita ukimletea kitambaa. Mtu aliyeshindwa kutoa 20,000 taslimu mara nyingi hutoa kitu cha 80,000 alichonacho, na siku ya onyesho anakuja na familia nzima kuangalia mbao zake. Lile jukwaa la Kamiriithu lilisimama kwa hesabu ya namna hii, nguvu za watu zaidi ya noti zao.

Ndugu wa nje ni jambo tofauti kidogo. Wao wapewe jambo moja, bei yake, na tarehe ya mwisho: spika mbili zilizotumika, bei hii hapa, picha hii hapa, tunanunua tarehe 20. Zikinunuliwa, watumieni picha siku hiyohiyo. Aliyewahi kuchangia akaoneshwa risiti huchangia tena bila kubembelezwa.

Kwa jumla kadi ninaiweka ya mwisho kama chanzo kikuu, na ya kwanza kama kijazo cha njia nyingine.

Kambi ya watoto ya likizo

Wiki mbili za Juni, asubuhi tu, watoto wa miaka minane hadi kumi na tatu. Wanafundishwa kuigiza, kuimba, sarakasi nyepesi, kutengeneza barakoa. Wazazi wa mjini wanahangaika na likizo hiyo, mtoto yuko nyumbani na runinga siku nzima, na dada wa kazi amechoka.

Hesabu yake inapendeza kwa sababu imegeuka. Watoto 25 kwa 40,000 ni milioni moja, na inaingia kabla ya siku ya kwanza. Uji na maji kwa siku kumi, shilingi elfu moja kwa mtoto, 250,000. Posho ya wasanii wanne, elfu kumi kwa siku, 400,000. Karatasi, rangi na vitambaa 50,000. Kinabaki 300,000, na ile laki nne imekwenda kwa watu wenu wenyewe badala ya mwenye spika. Linganisha na 150,000 ya onyesho lililojaa. Siku ya mwisho watoto wanaonesha walichojifunza, na hakuna ukumbi unaojaa kama ule ambao mtoto wa mtu yumo. Bibi, shangazi, jirani, wote wanakuja, na kiingilio kidogo cha 2,000 hakuna anayekigombania.

Hapo ndipo watu hurukia. Ngoja. Watoto 25 siyo vifaa vya kukusanyia pesa, na tukio moja baya linafunga kikundi milele. Pawe na watu wazima wawili kila wakati, mmoja mwanamke, na asiwepo mtu mzima peke yake chumbani na mtoto. Fomu ya mzazi yenye namba mbili za simu na jina la anayeruhusiwa kumchukua mtoto. Serikali ya mtaa ijue mko wapi, na Afisa Ustawi wa Jamii aambiwe. Choo kinachofungika. Kama kikundi chenu hakina watu watatu mnaoweza kuwaachia watoto wenu wenyewe bila wasiwasi, ruka njia hii bila kujuta. Na isigeuke tuisheni, hata mzazi akiomba "kahesabu kidogo".

Tamthiliya shuleni

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naona pesa inayolala. Kenya, vikundi vingi vya jukwaani vinaishi kwa kuzunguka shule za sekondari vikiigiza vitabu vya KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari. *Bembea ya Maisha* ya Timothy Arege ni mojawapo ya zile zinazotahiniwa. Mwanafunzi analipa kidogo, shule moja ina mamia, na kikundi kinaweza kupiga shule mbili kwa siku. Mwanafunzi aliyekuwa akisoma mhusika kwenye karatasi anamwona akitembea.

Tanzania nasi tuna tamthiliya zinazosomwa sekondari, *Ngoswe* ya Edwin Semzaba ikiwa imepita mikononi mwa vizazi vya wanafunzi. Julai shule zikifunguliwa, kidato cha nne wana miezi michache tu kabla ya mtihani wa Novemba, na mwalimu wa Kiswahili anatafuta chochote cha kuwafanya wakumbuke wahusika na dhamira. Mfuateni yeye kwanza. Muulizeni ni vitabu gani shule yake inatumia mwaka huu, maana mtaala umekuwa ukibadilishwa na hamtaki kufanya mazoezi ya mwezi mzima ya kitabu kilichoachwa. Kisha mwandikieni mchapishaji kuomba ruhusa ya kuigiza. Tamthiliya iliyo dukani ina mwenyewe, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo kwa ajili hiyo.

Kikwazo kikubwa ni michango. Tangu elimu bila ada ilipoanza kutekelezwa, mkuu wa shule ya serikali hawezi kuamka akawatoza wanafunzi 1,000 kila mmoja bila idhini ya juu yake. Anzeni na shule binafsi, ambako uamuzi uko kwa meneja na bodi, na malipo yanatoka kwa shule badala ya mtoto mmojammoja. Shule tatu binafsi zikilipa, shule moja ya serikali jirani na mazoezi yenu mnaweza kuifanyia bure. Huko ndiko mtapata wasanii wa mwaka kesho.

Yaliyobaki

Barua kwa kampuni kubwa: ikiandikwa Juni kwa onyesho la Julai imechelewa, bajeti zao hupangwa mapema. Duka la simu, saluni na mwenye hardware wa mtaani wanajibu ndani ya wiki, na wanachotaka ni jina lao nyuma ya tiketi na kutajwa na MC mara tatu. Wakilipia uchapaji wa tiketi tu, tayari mmepunguza gharama. Fulana: mtabaki na size XXL thelathini. Bahati nasibu: inahitaji leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na kikundi kidogo hakina sababu ya kwenda huko. Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 10 inayogawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ni mkopo. Nunulieni spika mtakazokodisha kwa wengine, msiiweke kwenye onyesho la usiku mmoja. Vivyo hivyo mikopo ya Mfuko wa Utamaduni na Sanaa.

Nani achague nini

Kikundi kipya kisicho na akiba: kambi ya Juni kama mna watu wa kuaminika, na kama hamna, harusi. Kikundi chenye igizo zuri na jina mtaani: jioni mchanganyiko kwa mgongo wa mwenye baa, mwishoni mwa Julai, baada ya Saba Saba kumaliza pesa za watu na mishahara mipya kuingia. Kikundi chenye usajili, TIN na akaunti: kazi za kukodiwa, na barua za kwanza zitoke Aprili wakati mvua bado inanyesha. Wenye walimu ndani ya kikundi: shule, bila kusita.

Walio nje ya Dar wasione wamesahauliwa. Nane Nane inawaletea watu bila bango: viwanja vya Morogoro kwa kanda ya mashariki, Ngongo kwa Lindi na Mtwara, Themi kule Arusha, John Mwakangale pale Mbeya, Nzuguni Dodoma. Halmashauri nyingi zina mabanda, na banda lenye ngoma mlangoni linapata wageni kuliko lenye vipeperushi. Nendeni kwa Afisa Utamaduni na Afisa Kilimo mapema Juni na ofa ya siku tatu: maonyesho manne kwa siku, dakika kumi na tano kila moja, kuhusu mbegu au ufugaji wanaoutangaza. Ombeni malazi, chakula na nauli vilipwe na wao, na posho kwa kila msanii iandikwe kwenye barua kwa tarakimu.